Postikadi za Unguja: tuziamini kwa majengo, tuzihoji kwa watu

Picha ya zamani ya Mji Mkongwe ikianza kuzunguka kwenye simu, mabishano huwa yale yale. Kuna wanaougulia: enzi zile mji ulikuwa safi, watu wana adabu. Kuna wanaosema hayo ni macho ya mkoloni, postikadi za kuuzia abiria wa meli, zisituhangaishe. Wote wana haki kidogo, ila hawalingani.

Kwa majengo, picha hizi hazina mpinzani. Chukua Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa 1883. Katika picha za mwanzo, mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, mnara ule uliharibika ukaondolewa, na mnara wa saa uliofuata ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Postikadi isiyo na tarehe, tazama mnara tu, utajua ni ya kabla ya mizinga au baada yake. Tangu sehemu ya jumba hilo iporomoke Desemba 2020, picha kama hizo zimekuwa za kazi kwa fundi, si za kupambia ukuta wa hoteli.

Kwa watu, mambo yanageuka. Hoja ya macho ya mkoloni ina tundu: wapiga picha A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa Wagoa, watu wenye asili ya Goa, India, wenye studio papa hapa pwani, si wapita njia. Lakini mwenye duka huuza anachotafuta mteja, na mteja wa postikadi alitaka kigeni. Ndiyo maana Sultani ameandikwa jina, ilhali mama aliyejitwika mtungi ni "mwanamke wa Kiswahili", basi. Hata rangi si ya kutegemea. Postikadi nyingi zilichapishwa Ujerumani, na zile za rangi zilipakwa juu ya picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo anayetafuta rangi za kanga za wakati ule asizitafute humo.

Wanaougulia ndio wananishinda zaidi. Hadi 1897 sheria ya Zanzibar ilitambua utumwa, na mabwana walikuwa wakiwakodisha watumwa wao kama vibarua mjini. Hamali aliyepigwa picha 1895 akiwa na gunia la karafuu begani, ni huru au ujira wake unakwenda kwa bwana? Picha haisemi. Usafi wa barabara ile unausifu, aliyeifagia humuulizi.

Hata hivyo sioni sababu ya kuzitupa. Kinachostahili kufutwa ni maelezo yaliyochapwa chini yake, yaandikwe upya na wazee wanaojua mitaa, mabaraza na koo, wakianzia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ambayo wapiga picha waliiuza kama vibanda vya makuti tu ilhali ndiko walikoishi wengi wa waliobeba mizigo ile.