Hodhi Lililonifungia Bafuni

Nilipima bafu likiwa bado matofali matupu: ukuta hadi ukuta, sentimita 171. Hodhi la kuogea nililolipenda lilikuwa la 170. Nikajiona mhandisi, maana nimebakiza sentimita nzima!

Ikapigwa lipu, milimita 15. Gundi ya vigae, milimita 5. Kigae chenyewe, 9. Jumla 29, na kuta ni mbili. Ni hesabu ya darasa la nne. Zilibaki sentimita 165 na ushee, nasi tuko mlangoni na hodhi mabegani.

"Bosi, ulipima lini?" fundi akauliza.

"Kabla ya lipu."

Akanyamaza, akatazama dari.

Kwa ubishi wangu nikasema tuliingize kwa kulilaza mshazari, litajipanga lenyewe. Nikatangulia ndani, naye akasukuma. Upande mmoja ukagota sakafuni, wa pili ukapanda ukutani ukang'ang'ania vigae kama ngalawa iliyopanda mwamba. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mlango uko kule, mimi niko huku kwenye choo. Fundi akaenda kutafuta sabuni ya maji. Nikafunika choo, nikaketi, nikaanza kutafakari utaratibu wa kazi.

Kumbe hodhi hutangulia, vigae hufuata. Kipimo hupigwa baada ya lipu. Kwangu zingebaki sentimita 168, ningenunua hodhi la 160 na pengo likawa kirafu cha sabuni. Hodhi hulazwa sawa kwa pimamaji, hufungwa ukutani palipopakwa dawa ya kuzuia maji, kisha vigae hushuka hadi juu ya ukingo wake, vikiacha milimita 3 za silikoni, ule mpira laini wa kuziba nyufa. Na kabla ya silikoni, hodhi lijazwe maji, yakae humo mpaka silikoni ikauke. Lita 150 ni kilo 150. Ukiliziba likiwa tupu, siku ya kwanza kuoga litadidimia kidogo, silikoni ichanike, maji yapenye nyuma kimyakimya. Utajua chumba cha pili kikiota ukungu.

Nilipofika kwenye ukungu, sabuni ikaja. Tukavuta. Hodhi likatoka na vigae viwili.

Basi tukahamia shawa, nikidhani ndiyo njia ya mkato. Wapi! Hodhi husimama kwa miguu, kwa hiyo mtego wake wa maji, ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, hukaa juu ya sakafu. Shawa ya sakafuni haina miguu. Mtego lazima uzikwe. Bomba la milimita 40 likang'olewa likawekwa la 50, na sakafu ikajengwa upya kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita kuelekea kwenye kitundu. Vigae vipya vya chini? Nyundo.

Hodhi dukani wamelikataa kwa sababu ya mikwaruzo. Limesimama wima ukumbini, watu wanapita ubavu. Juzi nililipima tena. 170 kamili.