Zinia na mtu aliyelichunguza jicho

Ukipita mitaa ya Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga, utaziona zinia kwenye makopo ya rangi na kando ya kuta: nyekundu, zambarau, manjano, waridi, karibu kila rangi isipokuwa buluu. Wengi wetu huziita maua tu, na sina ugomvi na hilo. Ila watoto wanaozimwagilia jioni wanastahili kujua jina lake lilikotoka, maana nyuma yake yupo mtu wa kuheshimiwa.

Johann Gottfried Zinn alikuwa tabibu wa Kijerumani aliyesimamia bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Göttingen tangu 1753. Mwaka 1755 alichapa kitabu kinachoeleza jicho la binadamu, kipande kwa kipande. Nyuzi nyembamba zinazoishikilia lenzi nyuma ya mboni zinaitwa kwa jina lake hadi leo, na daktari anayetoa mtoto wa jicho huziangalia kwa makini zisikatike. Zinn alifariki 1759, akiwa na miaka 31 tu. Mwaka huohuo Carl Linnaeus, Msweden aliyeweka utaratibu wa majina ya mimea, akaliita ua hili la Mexico kwa jina la Zinn. Aliyelichunguza jicho akapewa ua ambalo jicho halichoki kulitazama! Sijui heshima gani ingemfaa zaidi.

Sasa tazama ua letu la Usambara. Mwaka 1893 liliandikwa kwenye vitabu vya sayansi kuwa Saintpaulia, kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyelipeleka kwao. Wasambaa, ambao milima ile ni kwao, hawamo. Zinn alipewa ua kwa kazi ya akili na mikono yake. Huyu wa pili alipewa kwa sababu alikuwa na cheo mahali ua lilipoota. Hilo linaniuma. Wanasayansi siku hizi wameliingiza kwenye jenasi (kundi la mimea inayokaribiana) ya Streptocarpus, nami ningependa vibao vya bustani zetu vitangulize "ua la Usambara", kisha hayo mengine yafuate.

Zinia nazo pandeni penye jua kali, mmwagilie shinani, kwani majani yakilowa katika unyevu huu wa pwani magonjwa ya madoa ya majani hayachelewi. Kuanzia mbegu hadi ua ni kama miezi miwili. Muda huo unatosha kumsimulia mtoto habari za Zinn, na za Usambara pia.