Dola Mbili na Senti Kumi na Tatu

Jumamosi moja ya Desemba 2025 tulikuwa watu sita mezani katika mgahawa mmoja wa Washington, D.C., Watanzania na Wakenya, na bili ilipoletwa mzee wetu mmoja, ambaye kwangu ni Baba Mdogo kwa heshima ingawa si kwa damu, aliisogeza kwenye mwanga, akauona mstari wa ada ya huduma ya asilimia 20, akasema kwa sauti ambayo mhudumu aliisikia vizuri sana: "Hawa siku hizi wanalipwa mshahara kamili, na bado wanataka tipu. Ulafi huu." Nilinyamaza kwa sababu ya adabu. Jibu langu ni hili hapa, Baba Mdogo, shikamoo ikitangulia.

Kwanza, ule mstari wa asilimia 20 haukuwa tipu, yaani bakshishi. Kwa sheria ya shirikisho ada ya lazima ni mapato ya mwenye mgahawa, naye ndiye anayeamua ni kiasi gani kimfikie mhudumu, kama kipo cha kumfikia. Pili, mshahara kamili wa jiji lile, yaani kima cha chini cha wafanyakazi wengine, wakati ule ulikuwa dola 17.95 kwa saa, na aliyetuletea sahani alikuwa akilipwa na mwajiri wake dola 10.

Mimi nilibeba trei karibu miaka mitatu ng'ambo ya mto Potomac, Virginia, ambako mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho cha shirikisho kiliwekwa mwaka 1991, Mzee Mwinyi akiwa bado Ikulu, na tangu hapo hakijaongezwa hata senti moja. Kima cha chini cha Virginia kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 12.41, na pengo lililobaki sheria inamruhusu mwajiri alijaze kwa bakshishi za wateja, kana kwamba zimetoka mfukoni mwake. Wiki nyingi hundi yangu ilisomeka sifuri, kwa kuwa kodi ya zile bakshishi ilikatwa kwenye hizo dola mbili mpaka zikaisha. Nilipomsomea mama kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, umeajiriwa au unajitolea?"

Watetezi wa utaratibu huu hukimbilia kusema kwamba bakshishi zisipofikia kima cha chini, mwajiri analazimika kufidia. Ni kweli, imeandikwa, na imeandikwa vizuri. Lakini hesabu hiyo hufanywa kwa wiki nzima. Jumanne ya mvua nilikuwa nikiingia saa tisa alasiri, nikakaa kona ya nyuma nikikunja visu na uma ndani ya vitambaa hadi vijae masanduku mawili, kisha nikahudumia meza mbili tu usiku kucha. Jumamosi mgahawa ukajaa, nikapata vizuri, na mwisho wa wiki wastani ukaonekana mzuri, kwa hiyo mwajiri hakudaiwa kitu. Jasho langu la Jumamosi lilimlipia yeye Jumanne yake. Na hata wiki ilipokuwa mbovu yote, wa kumwendea kudai fidia alikuwa meneja yuleyule aliyepanga zamu, naye alijua nani wa kumpa Ijumaa usiku na nani wa kumpa Jumatatu mchana. Katika miaka yangu yote pale sikumwona hata mmoja aliyekwenda kudai.

Baba Mdogo ana kampuni ya usafi yenye watu kumi na wawili. Hajawahi kuwaambia kwamba yeye atatoa dola mbili na zilizobaki wakaziombe kwa wenye ofisi wanazofagia, kwa tabasamu, na kulingana na jinsi kila mwenye ofisi alivyoamka. Angeona aibu. Kwa nini aibu hiyo iishie kwenye mlango wa mgahawa?

Tabasamu lenyewe lina habari yake. Nilimwona dada mmoja akiuondoa mkono wa mteja kiunoni mwake taratibu, huku akicheka, kama mtu anayesogeza glasi isimwagike. Baadaye stoo, nilipomuuliza kwa nini hakumwita meneja, aliniambia jambo moja tu: meza ile ilikuwa ya watu wanane.

Wala mpango huu haukuanzia kwenye ukarimu wa mtu yeyote. Baada ya utumwa kukomeshwa, kampuni ya Pullman iliajiri wanaume Weusi kuhudumia abiria wa mabehewa ya kulala, ikawalipa kidogo na kuwaachia abiria wajazie. Walihitaji chama cha wafanyakazi, kilichoundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na miaka kumi na miwili ya mapambano hadi wapate mkataba wa 1937.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wahudumu wengi wenyewe hawataki mabadiliko. Anayefanya kazi mahali ambapo chupa ya mvinyo ni dola mia mbili anaogopa wateja wataacha kutoa, na mwaka 2024 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walilikataa pendekezo la kuwalipa wahudumu mshahara kamili. Nakubali pia kwamba ada kama ile iliyomkera Baba Mdogo zilizagaa mjini baada ya mshahara kuanza kupanda. Hata hivyo California, Minnesota na majimbo mengine matano hayamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya bakshishi, na watu wa huko bado wanakula nje.

Wakazi wa Washington, D.C. walipiga kura mwaka 2018 kutaka mshahara kamili, baraza la jiji likaifuta sheria hiyo miezi michache baadaye. Wakapiga tena mwaka 2022, karibu robo tatu yao wakisema ndiyo. Mshahara ukaanza kupanda mwaka 2023, kisha Julai 2025 baraza likaamua kwamba utaishia asilimia 75 ya kima cha chini, na hata hapo utafika mwaka 2034. Kwa kweli madiwani hawa wana subira, hasa kwa fedha za watu wengine.

Tulipokuwa tukivaa makoti nilimwona Baba Mdogo akirudi mezani na kusukuma noti ya dola kumi chini ya glasi, akidhani hatumwoni. Ni mtu mkarimu, sijawahi kulitilia shaka hilo. Lakini alasiri ile, dada aliyetuhudumia, alipokuwa akikunja vitambaa kabla hatujafika, hakuweza kuihesabu noti hiyo kwenye kodi yake ya nyumba.