PCB yangu na fomu ya binti yangu

Juzi binti yangu, yuko darasa la kumi, kaniletea fomu nisaini. Mwaka ujao anataka asubuhi awe shuleni, mchana awe kituo cha ufundi akisomea uuguzi msaidizi. CNA, kazi ileile inayonilipia kodi hapa Columbus. Nilipandwa na hasira. Sikuja kubeba boksi Marekani, hizi kazi za sulubu, ili na mwanangu alibebe. Nikamwambia achukue masomo ya AP, yale ya kiwango cha chuo kikuu yanayosomwa sekondari, Biolojia na Kemia, kama wenzake.

Akaniuliza taratibu tu: "Mama, hiyo PCB yako ilikusaidia nini?"

PCB ni ule mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Wa nyumbani mtaelewa ilivyonichoma. Kwetu matokeo ya kidato cha nne ndiyo yanayogawa watu. Ukipasua sayansi unakwenda kidato cha tano, PCB, na mtaa mzima unaanza kukuita daktari. Wengine "wameenda chuo", yaani chuo cha kati, si chuo kikuu, na hilo neno chuo hutamkwa kama mtu anayetoa pole. Mimi nilikwenda PCB. Mdogo wangu akaenda kusomea uafisa tabibu, miaka mitatu, na baba wala hakumtaja mbele ya wageni. Leo huyo mdogo wangu anaendesha zahanati, anashona majeraha, anatibu malaria ya kijiji kizima. Mimi kidato cha sita nilitoka na divisheni 3, udaktari ukanipita, na sasa nageuza wazee kitandani usiku.

Ila binti yangu naye asinichanganyie mambo. CNA si afisa tabibu: haandiki dawa, hachomi sindano. Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache. Sabini na tano! Ndiyo maana kazi inapatikana upesi, na ndiyo maana mshahara ni mdogo na mgongo hauponi. Chuo kilimpa mdogo wangu fani kamili. CNA inakupa mlango tu. Wabongo wengi ninaowajua waliingia wakasimama hapohapo kizingitini miaka kumi, maana bili haisubiri na shifti mbili zinalipa.

Hiyo AP nayo ni mtihani wa Mei, alama 1 hadi 5, na vyuo vikuu vingi hukuhesabia kozi ukipata kuanzia 3. Inapunguza ada, sawa. Haikuambii kama utaweza kumsafisha mtu mzima saa tisa usiku huku anakutukana. Nimewaona wenye shahada zao wakishindwa.

Kwa hiyo nitasaini, kwa sharti: Kemia ya AP haiachwi, na akipata cheti afanye kazi wikiendi tu mpaka amalize sekondari. Kakubali, halafu kanitajia kwamba basi la kituo huondoka kabla kipindi cha Kemia hakijaisha. Kesho naomba ruhusa kazini nikamwone mshauri wao.