Lita Mia Chini ya Kitanda cha Shemeji

Ukijenga gari-nyumba kwa mikono yako, vitu vikubwa havikusumbui. Gari unalipata, betri unaipata, paneli ya sola inaletwa mpaka mlangoni na unapewa kalamu usaini. Mtihani uko kwenye vidude. Kuna nati, kuna klipu, kuna kiungo cha plastiki kisichozidi kidole gumba, na hicho kikikosekana, nyumba yako yenye vitanda, jiko na taa za kupendeza inabaki kuwa gari lenye mbao ndani.

Mimi nilikuwa na orodha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na msimamo. Kwake yeye orodha ni za watu wasiojua kazi, na kipimo cha kitu chochote unakijua pale unapokijaribu. Ukimwonyesha vitu viwili vilivyotengenezwa mabara mawili tofauti, anaviinua kwenye mwanga, anafumba jicho moja, kisha anatoa hukumu: "Kitaingia tu."

Kwenye umeme nilimshinda. Tulikwenda kutafuta waya wa inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, muuzaji akatoa waya mnene wa shaba, na shemeji akauliza kama tunafunga winchi ya meli. Nikapiga hesabu palepale kaunta: inveta ya wati 2,000 kwenye betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 160. Ule waya wa taa ya mezani aliokuja nao mfukoni ungewaka kabla hata fyuzi haijajua kuna nini. Akanyamaza, lakini kile kilikuwa kimya cha mtu anayeweka hoja akiba.

Akiba aliitoa kwenye mbao. Mimi nilitaka plaiwudi gari zima, yeye alikuwa na MDF zilizobaki alipotengeneza makabati ya nyumbani kwake. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi: nzito, laini kwa rangi, na ina ugomvi wa kudumu na maji. Tukabishana mpaka dada yake, ambaye ndiye mke wangu na ndiye mwenye neno la mwisho, akaamua kesi: plaiwudi kila mahali, MDF kabati moja tu ili kaka yake asijisikie vibaya. Kufikia siku hiyo makabati yote yalikuwa yameshakamilika isipokuwa moja. La sinki.

Sasa pampu. Niliagiza ile ndogo ya volti 12 inayotoa lita 11 hivi kwa dakika. Uzuri wake ni kwamba inajiendesha: ukifungua bomba, presha inashuka na pampu inawaka, ukifunga, presha inapanda mpaka karibu ba 2.8 na swichi yake ya ndani inaizima. Ilifika kwenye boksi gumu, safi, na kabla sijamaliza kuigeuzageuza pampu mkononi, boksi lilishaondoka. Shemeji alilipenda. "La kuwekea skrubu hili," akasema, akamiminia humo skrubu zake zote na kulisukuma chini ya kitanda chake.

Pampu ilikuwa na tredi, yaani meno ya kuzungushia kama ya skrubu, ya nusu inchi, ya Kimarekani. Mpira wa maji na bomba la sinki vilitoka kwingine kabisa. Kilichohitajika ni elbo moja, kiungo chenye kona, ya kuviunganisha, basi. Tukaenda duka la mabomba na pampu yetu kwapani.

Mzee wa kaunta aliitazama kidogo, akaingia stoo, akarudi na elbo ya plastiki. "Nusu inchi hii."

Shemeji akatoa rula. Sijui kwa nini siku hiyo, kati ya siku zote, ndiyo aliyochagua kupima kitu. Akaweka rula kwenye tredi ya pampu, akapima, akapima tena.

"Mzee, nusu inchi ni milimita 12.7. Hii ni 21."

"Ni nusu inchi."

"Ni 21, mzee. Tazama."

"Kijana, niko kwenye mabomba tangu hujazaliwa. Nusu inchi ni nusu inchi."

Na mzee alikuwa sahihi, ndilo jambo la kuudhi. Tredi ya bomba hairithi jina lake kwenye upana wa nje. Jina linatokana na tundu la mabomba ya chuma ya zamani, kuta za mabomba zikapungua unene baadaye, jina likabaki pale pale. Kwa hiyo nusu inchi ina upana wa milimita 21 na kila fundi bomba analala vizuri usiku.

Mzee alisahau kitu kimoja tu: nusu inchi ziko mbili. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza meno ya tredi yawe na pembe ya digrii 55. Mwaka 1864, huko Philadelphia, Mmarekani William Sellers akapendekeza digrii 60. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa na sababu zake nzuri. Lakini tredi za mabomba za pande hizo mbili mpaka leo zimebaki na pembe hizo tofauti, na za nusu inchi, kwa bahati mbaya iliyopangwa vizuri, zote zina meno 14 kwa kila inchi. Maana yake zinaingiliana. Zinazunguka raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, unasikia raha, halafu zinakaza kabla ya wakati.

"Kimeingia," shemeji akasema palepale dukani, akiwa amevikaza kwa vidole. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani alimaliza kazi mwenyewe. Alizungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mpaka tredi ikanenepa, kisha akashika spana ya bomba, ile ndefu, inayotumika kwenye mabomba ya chuma. Elbo ya plastiki ililia kidogo. "Hiyo ni sauti ya kukaza," akanielimisha.

Tulijaza tangi la lita 100 asubuhi. Bomba likafunguliwa, maji yakatoka, familia ikapiga makofi. Usiku huo ungekuwa wa kwanza kulala ndani, mimi kitanda cha juu, shemeji cha chini. Mke wangu alisema yeye atalala nyumbani, gari likithibitika ndiyo aje. Mwanamke mwenye akili.

Tatizo la kwanza lilikuwa sauti. Kila baada ya muda, bila mtu kugusa bomba, pampu ilifanya *trrr* fupi na kunyamaza.

"Shemeji, umesikia?"

"Panya."

"Panya wa volti 12?"

"Lala, shem."

Pampu inayowaka yenyewe ina habari moja tu ya kukupa: kuna mahali maji yanatoka. Yalikuwa yanatoka kwenye elbo, tone kwa tone, tangu asubuhi, na yote yalikuwa yanaingia kwenye kabati la MDF. Nilishuka kulifungua ili nizime swichi ya pampu, ambayo iko humo ndani. Mlango ulikuwa umevimba. Nikavuta, kitasa kikabaki mkononi mwangu.

Ndipo elbo ikapasuka. Ilitoa mlio mmoja mkavu, na *trrr* fupi ikageuka *trrrrrrrrr* isiyo na mwisho, kwa sababu presha ya kuizima pampu isingepanda tena. Lita 11 kwa dakika. Maji yakatoka chini ya mlango wa kabati kwa furaha.

Ilibaki swichi kuu, iliyoko karibu na betri kama inavyotakiwa. Betri iko chini ya kitanda cha chini. Unainua godoro, unainua ubao, unazima. Ila juu ya godoro alikuwa amesimama shemeji, kichwa kimeinamia dari, shuka mkononi.

"Shuka!"

"Sishuki! Maji na umeme!"

"Volti 12, shemeji! Haiwezi hata kukutekenya!"

"Inveta je? Si ulisema ampea 160?"

Kumbe ndiyo hoja niliyoisaidia kuwekwa akiba. Inveta ilikuwa imezimwa, nikamwambia, akasema nithibitishe. Nikathibitisha. Akasema nithibitishe tena kwa tochi. Tulipokubaliana ashuke, pampu ilianza kulia sauti ya ukame. Tangi lilikuwa tupu.

Sasa fikiria sakafu. Niliifunika kapeti ya plastiki kipande kimoja, kingo zote nikazijaza silikoni, na mlangoni nikaweka ukingo wa alumini, nao kwa silikoni, ili mvua isipenye. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila aibu. Lakini maji yasiyoweza kuingia hayawezi pia kutoka. Sakafu yangu ina mita za mraba tano. Lita 100 juu yake ni kina cha sentimita mbili. Nilikuwa nimejenga karai lenye vitanda. Ndala zilikuwa zinaelea.

Shemeji akashika drili. "Tunatoboa hapa, yanashuka yote."

"Chini ya hapo kuna tangi la dizeli."

Akasogea hatua moja. "Hapa?"

"Bomba la breki."

Akaiweka drili juu ya kitanda, polepole. Tukachota kwa kizoleo cha takataka. Na tukiwa tunachota, boksi lake chini ya kitanda lilikuwa limelowa na kukata tamaa. Upande mmoja ukaachia, skrubu zote zikamwagika majini, mahali tulipokuwa tunakanyaga kwa miguu mitupu. Baada ya skrubu kikatoka kifuko cha plastiki kilichofungwa kwa joto, kimejaa hewa, kikaelea taratibu mpaka kwenye goti la shemeji.

Ndani yake kulikuwa na elbo mbili nyeusi, kila moja na mpira wake wa kuzuia maji, na karatasi iliyokunjwa. Zilikuja na pampu. Zilikuwepo siku zote, chini ya skrubu. Shemeji akapasua kifuko kwa meno, akafungua karatasi, akaisoma kimya kwa mwanga wa tochi.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Kaza kwa mkono. Usitumie tepu." Akaigeuza nyuma, kuona kama kuna msamaha upande wa pili. "Wangeandika juu ya boksi."

Kabati nimelijenga upya kwa plaiwudi. Elbo zilikazwa kwa vidole na hazijatoa tone. Pampu iko kimya usiku kucha, na mke wangu amesema anafikiria kuja. Shemeji godoro lake limekauka; jana alinipigia kuuliza jiko la gesi tunafunga lini, maana spana anayo tayari. Nimemwambia gesi nimeshaitafutia fundi wake mwenye cheti.

Boksi la jiko nimelificha.