Sherifu wa Selma na mkuu wetu wa wilaya

Nchi inaweza kuwa na Bunge, mahakama na magazeti, na bado mwananchi wa wilayani akaishi kwa kumwogopa mtu mmoja. Alabama, ninakoishi sasa, ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 60, ndani ya Marekani hiyohiyo iliyokuwa ikihubiri uhuru duniani.

Katiba ya jimbo ya 1901 iliwafungia Weusi mlango kwa mtihani wa kusoma na kwa kodi ya kura, dola 1.50 kwa mwaka, malimbikizo yakihesabiwa. Uchaguzi haukukosekana, ila mshindi alijulikana mapema. Mwanzoni mwa 1965, kwenye kaunti ya Dallas, ulipo mji wa Selma, Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, lakini walioandikishwa kupiga kura walikuwa mamia machache tu. Aliyekwenda kujiandikisha alikutana na Jim Clark, sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti), na askari wake. Tarehe 7 Machi waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura wakapigwa virungu darajani, nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Agosti sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa, na serikali kuu ikatuma watu wake kuandikisha. Mwaka 1966 Clark akagombea tena, akaangushwa kwa kura.

Hapo ndipo naumia ninapofikiria nyumbani, Tanzania. Clark alikuwa katili, lakini cheo chake kilitoka kwa wapiga kura, na daftari lilipofunguliwa waliweza kumtoa. Mkuu wetu wa wilaya anateuliwa na Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mamlaka ya kumweka mtu ndani hadi saa 48. Imewekwa kwa ajili ya mhalifu au anayehatarisha amani, lakini wilayani sote tunajua inavyotumika.

Binamu yangu alisimama kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, karatasi ya malipo mkononi, akauliza makato mawili yaliyoandikwa pale ni ya nini. Si mtu wa siasa. Ana mikorosho yake na wajukuu. Kesho yake akaitwa, akalala mahabusu siku mbili, akatoka bila kesi. Msimu uliofuata, mkutanoni, hakuna aliyenyoosha mkono. Ndivyo saa 48 zinavyofanya kazi: anafungwa mmoja, wananyamaza mia.

Na mtu asiniambie watu wa kusini mwa Tanzania ni waoga. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waliikataa bei ya korosho mnadani, mbele ya wanunuzi, hadi serikali ikaingilia na kutangaza shilingi 3,300 kwa kilo. Wanaweza kusema. Wanachokosa ni mahali pa kukimbilia aliye karibu anapowaonea.

Huku pia mambo hayajanyooka. Mwaka 2013, kwa kesi iliyotoka Alabama hapahapa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa sharti la sheria ile ya 1965, lililotaka majimbo yenye historia ya ubaguzi kama hili yaombe ruhusa ya serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Lakini binamu yangu angekuwa huku, angemshtaki aliyemfunga, na gazeti la mji lingeandika.

Wagombea ubunge watapita tena Masasi, Nachingwea na Liwale kuomba kura. Waulizeni hadharani, mmojammoja: hicho kifungu cha saa 48 utapeleka hoja kifutwe, ndiyo au hapana? Na jibu lake lirekodiwe kwenye simu.