Kuziba Pasipovuja

Wa kwanza kulisema jambo hili alikuwa shemeji. Alinyoosha kiganja mbele ya tundu la hewa la pikapu yangu, akakirudisha upesi, akauliza: "Shemeji, hii ni AC au unatukausha?"

Sikucheka. Kwanza, siku hizo nilikuwa simchekei. Kalamu yangu ya chuma ilipotea ndani ya pikapu hiyo hiyo, na abiria wangu ni yeye peke yake. Nilishamuuliza mara tatu kama ameiona, mara ya tatu macho yangu yakiwa kwenye mfuko wake wa shati. Pili, mwenye gari hapendi kutajiwa ubovu wa gari lake na mtu asiyechangia mafuta. Nikamjibu kitaalamu: "Gesi imeisha."

Ushahidi nilikuwa nao. Kila nikiegesha baada ya safari, chini ya upande wa abiria palikuwa na kidimbwi. Nikatandika boksi, nikajilaza chali chini ya gari. Tone. Tone. Tone. Nikachovya kidole, nikanusa. Halafu, Mungu anisamehe, nikaonja. (Msiige. Maji ya rejeta nayo hudondoka chini ya gari, kulanti yake ina utamu wa kudanganya, na ni sumu.) Haya hayakuwa na ladha wala harufu, na yalikuwa baridi kama ya mtungini. Nikaamua kwamba hiyo ndiyo gesi yenyewe, imegeuka maji ikiwa njiani kunihama.

Kopo la gesi nilikuwa nimeshalinunua, lakini nani hujaza ndoo iliyotoboka? Tuzibe kwanza. Matone yalitoka kwenye kimpira cheusi kinene kama kidole, kinachochungulia kwenye ukuta unaotenga injini na kabini. Nikachonga kipande cha kandambili, nikakishindilia kwa mpini wa bisibisi, nikakaza juu yake kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikakaa nusu saa nzima nikitazama. Hakuna hata tone! Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akaja, akaitazama ardhi kavu, akasema "hongera", akarudi zake ndani.

Kesho yake shemeji alikuwa na usaili wa kazi. Viatu amevipiga rangi mpaka unaweza kunyolea ndevu. Nikafungulia AC mpaka mwisho, eti gesi ipate kuzunguka vizuri. Joto lile lile. Tulipokwenda kama saa moja hivi, mbuzi akakatiza, nikakanyaga breki, nikasikia upande wa pili: chwaaa.

"Shemeji," akasema kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri, "miguu yangu inaoga."

Maji yalikuwa yanamiminika kutoka chini ya dashibodi, yameacha zulia lote, yamechagua kiatu cha kulia. Usaili aliufanya soksi zikiwa mfukoni.

Jioni tukaenda kwa fundi. Hakushika hata spana. "Washa injini, washa na AC." Klachi ya kompresa ikagonga: tak! Akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, akauweka juu ya bomba nene la alumini. Bomba lilikuwa limelowa jasho.

"Baridi?"

"Baridi."

"Basi gesi ipo. Gesi haiishi kama mafuta, bosi, inazunguka mle mle. Ikipungua, ujue imevuja. Na ikivuja huoni kidimbwi. Hii R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikutana na hewa tu imeshapaa."

"Na yale maji?"

"Ni unyevu wa hewa. Ukigusa kipoozeo humo ndani ya dashibodi unakuwa matone, kama chupa ya maji baridi mezani. Yanatokea kwenye kimpira fulani ch..."

Akanyamaza. Alikuwa ameiona kandambili.

Akaichomoa. Sitaeleza yaliyotoka, ila fundi alibadilisha shati.

Kumbe kidimbwi kile kilikuwa kinanishuhudia kila siku kwamba AC ni nzima, na mimi nikaenda kukiziba mdomo.

Sasa joto linatoka wapi? Fundi akazungusha kitufe cha joto na baridi, akatega sikio kwenye dashibodi: tik-tik-tik-tik. Humo ndani, akasema, kuna kilango kinachosukumwa na kimota. Kikigeukia huku, hewa inatoka na ubaridi wake. Kikigeukia kule, inapitia kwenye hita, na hita inapita maji ya injini yenye nyuzi 90 hivi. Changu kilikuwa kimekwama katikati. "Baridi unatengeneza, bosi. Halafu unaipitisha jikoni."

Akang'oa kisanduku cha dashibodi, akafungua kimota, akamulika tochi. "Kuna kitu kimekiegemea." Akaingiza koleo jembamba, akavuta polepole.

Ilikuwa kalamu ya chuma. Ilipenya kwenye matundu yale ya chini ya kioo cha mbele, mahali ninapopenda kutupia karatasi zangu.

Hakuna aliyesema neno. Shemeji, aliyekuwa pekupeku muda wote huo, akanyoosha mkono, akaipokea, akaifuta kwenye suruali, akaichomeka kwenye mfuko wa shati.

"Sasa," akasema, "ndiyo nimeiiba."